Mjane Mwenye Mume

Gisenyi, 8 Februari 1999

Mdogo wangu Niyonshuti,

Nimechoka na huo mtandao wako. Naanza hapo hapo. Salamu utazikuta mwishoni kama nitakuwa nimepoa.

Jumamosi alifika hapa bwana mmoja wa ofisi kutoka Kigali, mwenye miwani na kompyuta ya kubeba mkononi. Nikamwambia kwa majivuno kwamba nyumba yangu ya wageni iko kwenye intaneti, mdogo wangu wa Dar es Salaam ndiye aliyeiweka. Akacheka. Akasema kabla ya safari aliandika neno Gisenyi kwenye mashine ya kutafutia, akitafuta pa kulala, na mashine ikamletea wakimbizi, kolera, bunduki na makaburi, ukurasa baada ya ukurasa. Nyumba yangu hakuiona. Amefika kwangu kwa kuelekezwa na mwendesha pikipiki!

Sasa nakuuliza wewe uliyesoma mambo hayo: sisi tulio hai tuko ukurasa wa ngapi? Asubuhi hii nimegombana na wauza samaki, nimepishana na watu wa Rugerero wakishuka na maziwa, barabara ya mpakani haipitiki kwa mizigo ya kwenda Goma, na kesho kuna harusi mbili. Lakini ndani ya mashine yako mji wangu ni kaburi tu. Nani aliwapa ruhusa? Mtu akae Ulaya, aandike jina la mji wangu, aoneshwe maiti, afunge mashine yake akale chakula cha jioni. Hapana, mimi sikubali.

Uliniomba nikuandikie habari zangu kwa maneno yangu mwenyewe, ili uwaoneshe hao wenye kurasa zao mtandaoni. Haya, ndiyo haya. Nilizaliwa Goma, wazazi wangu walikimbilia huko kama wako, baba mdogo na mkewe, walivyokimbilia Tanzania. Vita vilipoisha nilivuka mpaka nikarudi, nikaolewa na mtu wa hapa ziwani, mvuvi, anaitwa Mbarushimana. Nyumba ina vyumba vinne, shuka safi, na sambaza, hao samaki wadogo wa Kivu ambao ninyi huko mngewaita dagaa. Mimi huwakaanga wakawa wakavu hadi wanalia mdomoni. Naweka chumvi tu, Mbarushimana hapendi pilipili. Wageni wakiniuliza mwenye nyumba yuko wapi, huwajibu kwa Kiswahili cha hapa: "Bwana yangu alibakia mu ziwa, mi niko hapa peke yangu na mambo yote ya nyumba." Nikisema hivyo wengine huinuka kunisaidia kubeba sahani. Hilo pia unaweza kuliandika.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kinyarwanda cha barua yako iliyopita kilimchekesha mama mkwe hadi akakohoa. Usikasirike. Ukikasirika, kasirikia mashine.

Sijapoa, lakini nakusalimu.

Dada yako,
Mukankusi


Dar es Salaam, 3 Machi 1999

Dada yangu Mukankusi,

Shikamoo. Barua yako imenifikia na nimeisoma ofisini kwa sauti, isipokuwa pale uliponitukana.

Una haki ya kukasirika, lakini ngoja nikueleze kazi yenyewe ilivyo. Mashine haisomi kama mtu. Mwaka jana niliandika neno Gisenyi mara nyingi chini ya ukurasa wako, kwa herufi nyeupe juu ya weupe, ili mgeni asiyaone maneno hayo lakini mashine iyaone. Ilifaa kwa muda mfupi. Kisha wenye mashine wakaushtukia ujanja ule, wakatutupa nje, na nilistahili. Tangu hapo nimekuwa nikijifunza usiku na mchana. Jambo nililojifunza ni hili: mashine za siku hizi zinatazama nani anakuelekezea kidole. Mwenye ukurasa mwingine akiweka kwake kiungo, yaani maneno ambayo msomaji akiyabonyeza analetwa kwako, mashine inasema, kumbe huyu anajulikana. Wakikuelekezea wengi, unapanda. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye mtandao, dada, hata chema kinajitembeza mpaka soli zinakwisha.

Sasa, kuna watu Ulaya na Marekani ambao huandika shajara zao kwenye mtandao kila siku: wamekula nini, wamegombana na nani, paka wao amelala juu ya nini. Usicheke, wanasomwa na watu wengi. Hao ndio ninaowaandikia kuomba viungo. Barua zangu za kwanza zilikuwa za adabu: Mheshimiwa, tuna vyumba vinne na shuka safi. Hakuna aliyejibu, isipokuwa mmoja aliyeniita mdudu. Hapo ndipo Kadiri, ninayefanya naye kazi hapa, aliponiambia, "Mzee, mtu hatoi kiungo kwa sababu ya shuka. Anatoa akiguswa." Nikaona kweli.

Kwa hiyo nimeyachukua yale maneno yako mwenyewe, nikayatafsiri Kiingereza na Kifaransa, nikayanyoosha kidogo. Nimewatumia watu wengi. Wameanza kujibu, na wanajibu kwa upole sana. Mmoja anaitwa Connie, Mbelgiji aliyezaliwa ng'ambo ya ziwa lenu, Bukavu. Ana ukurasa mkubwa wa habari za Kivu. Ametuweka juu kabisa.

Subiri wageni.

Mdogo wako,
Niyonshuti


Gisenyi, 12 Aprili 1999

Mdogo wangu,

Marahaba. Viungo ninavyovijua mimi ni vya mchuzi, lakini hivyo vyako vinafanya kazi, nakubali. Kabla ya Pasaka walikuja Waholanzi wawili wanaofanya kazi Kigali, mume na mke, na baada yao mwanamke mmoja Mfaransa. Wote walituona kwenye mashine. Nilitaka kuruka.

Lakini wana nini watu hawa? Yule Mholanzi wa kike aliposhuka garini alinikumbatia kabla sijamwambia karibu. Alinishika mikono, akanitazama machoni kama daktari. Asubuhi maji ya kuoga yalikuwa ya baridi, nikaenda kuomba msamaha, mumewe akasema si kitu, si kitu, wewe umepitia makubwa. Makubwa gani? Kuni zilikuwa mbichi tu.

Linaloniuma ni hili. Nilikaanga sambaza wazuri, wa siku ile ile, nikawapelekea mezani na ndimu. Hawakugusa hata mmoja. Mwanamke aliweka mkono kifuani, akasema hawezi kula samaki wa ziwa lile ndani ya nyumba yangu. Niyonshuti, watu hutoka Kigali na mabakuli kwa ajili ya samaki zangu! Nilibeba sahani nikarudi jikoni nikiwa nimevimba. Ningekuwa sitafuti wageni ningemwambia alale kwa njaa. Mfaransa naye alikula viazi vya kutoka Kanzenze, mayai na mkate, samaki akamwangalia kama vile anamfahamu.

Umewaandikia nini kuhusu samaki? Uliwaambia wana sumu? Nijibu upesi.

Dada yako,
Mukankusi


Dar es Salaam, 29 Aprili 1999

Dada,

Shikamoo. Sijaandika lolote baya kuhusu samaki, naapa. Wazungu wana mambo yao, usiwahoji sana. Wakikukumbatia, kumbatiwa. Wakitaka mayai, wape mayai. Na wakigusia habari za nyumbani kwako, nyamaza tu. Huzuni ina heshima yake.

Nina habari njema. Kwa maneno fulani sasa sisi ndio wa kwanza. Wa kwanza, dada, juu ya wakimbizi wote na kolera yote! Umetaka mji wako utoke kaburini, nimeutoa. Watu wa hapa ofisini wamenipigia makofi na bosi anataka niwafanyie hoteli za Zanzibar kazi kama hii.

Nina haraka, foleni ya wateja ni ndefu.

Niyonshuti


Gisenyi, 24 Mei 1999

Niyonshuti,

Leo sikuiti mdogo wangu.

Jana ilikuwa Pentekoste. Kanisa lilijaa hadi uani. Mume wangu Mbarushimana alivaa koti lake la harusi, akakaa upande wa wanaume pamoja na wavuvi wenzake. Mimi nilikaa na mama yake, Nyirahabimana, upande wetu. Padri ni mgeni, ameletwa kutoka Kibungo, bado hajatujua majina. Alipofika kwenye maombi akafungua karatasi, akasoma kwamba misa ya leo inamwombea marehemu Mbarushimana, mvuvi wa Gisenyi, aliyezama ziwani na kumwacha mjane wake Mukankusi katika upweke. Akasema misa hiyo imeombwa kwa barua na rafiki wa familia, Connie wa Ubelgiji.

Rafiki wa familia! Mimi Connie nimemsikia kwako tu.

Kanisa zima liligeuka. Mama mkwe alipiga yowe, "Umwana wanjye we!", yaani mwanangu wee, akaanguka juu ya mapaja yangu, na mwanawe amekaa pale pale mbele ya macho yake. Hivyo ndivyo neno la padri linavyoweza kumshinda mtu macho. Mbarushimana akasimama polepole, akafunga kifungo cha koti, akasema kwa ile sauti anayoitia mitumbwi, "Padri, mi niko hapa. Sikukufa. Juzi tulikunywa chai na wewe." Padri akatazama karatasi, akamtazama yeye, akarudi tena kwenye karatasi. Watu wakaanza kucheka, hata mimi nilikaribia kucheka kwa hofu. Lakini wavuvi hawakucheka. Niliwaona wakisogea kwenye benchi, mmoja baada ya mwingine, hadi mume wangu akabaki amekaa peke yake.

Jioni alishuka pwani na taa zake kama kila siku. Unajua hapa watu huvua kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, haiendi bila kundi zima. Kundi lake lilikuwa limekaa mchangani. Habumugisha, ambaye ndiye anayewaongoza kuimba, akamwambia, "Patron, hatuko na ubaya na wewe. Lakini mutu wenye walishasomea misa ya wafu, ziwa linamungojea. Wewe ukipanda, litakamata na sisi." Mbarushimana akawabembeleza, akawatukana, akawabembeleza tena. Hakuna aliyesimama. Alirudi nyumbani na taa hazijawashwa.

Mwanamume huyu amevua tangu alipoota ndevu. Hana shamba, hana duka, hana kazi nyingine aliyowahi kuitaka. Sasa amekaa ukumbini kwangu kama mzigo uliosahauliwa na basi, na watoto wa jirani wanakuja kumchungulia waone maiti inayokunywa chai. Na mama yake ameacha kula.

Sasa nimeelewa kukumbatiwa. Nimeelewa na samaki. Watu wale walikuwa wanaogopa kula kilichomla mume wangu!

Niambie uliandika nini. Neno kwa neno.

Mukankusi


Dar es Salaam, 10 Juni 1999

Dada yangu,

Shikamoo. Kwanza tumshukuru Mungu kwamba shemeji yu hai.

Pili, naomba tuwe waadilifu. Mimi sikuzua jambo. Soma barua yako ya Februari, kama huna nakala nitakutumia. Uliandika, "Bwana yangu alibakia mu ziwa, mi niko hapa peke yangu." Dada, kwa Kiswahili nilichokulia mimi, mke akisema mume wangu alibaki ziwani, majirani wanatandika mikeka ya matanga. Ningejuaje kwamba kwenu kubakia ziwani ni kuchelewa kazini? Mimi nilitafsiri ulichosema. Kiswahili chenu cha Kongo ndicho kilichomzamisha shemeji, si mimi. Usiniandikie kana kwamba nimeua mtu.

Uliniuliza neno kwa neno. Niliandika kwamba wewe ni mjane wa mvuvi Mbarushimana, kwamba ziwa lilimchukua, na kwamba unawapikia wageni huku ukiyatazama maji yale yale. Hayo tu. Wenye shajara waliguswa, wakakuelekezea. Na maneno waliyoyaweka ya kubonyeza, karibu wote, ni "mjane wa Kivu". Ndiyo maana mtu akitafuta Kivu anakukuta wewe kabla ya vita. Hicho ndicho ulichokitaka, umesahau?

Kwa hiyo nakushauri kama fundi wa kazi hii. Nikiwaandikia leo kwamba hukuwa mjane, watavifuta viungo vyao, na tutaanguka chini kabisa, pengine tusiinuke. Tuache mpaka kiangazi kiishe. Padri anaweza kusahihisha kanisani, wavuvi nao watasahau. Wageni wakija, shemeji anaweza kukaa chumba cha nyuma. Ni miezi michache tu.

Tafadhali fikiri kwa utulivu.

Niyonshuti


Gisenyi, 27 Juni 1999

Niyonshuti,

Marahaba. Nimefikiri kwa utulivu, kama ulivyoniagiza.

Umenifundisha Kiswahili, nakushukuru. Mliokulia Tanzania mna Kiswahili kizuri, kila mtu anawasifu. Haya, tuseme nimekubali. Tuseme ulisoma barua yangu ukaelewa kabisa kwamba mume wangu amekufa maji. Nimezitoa barua zako zote, nimezipanga mezani, nimezisoma tena moja moja. Ile ya Machi ina shikamoo, ina mashine, ina herufi nyeupe, ina paka wa wazungu. Ile ya Aprili ina bosi wako na hoteli za Zanzibar. Nimezigeuza hata nyuma.

Pole iko wapi?

Dada yako amefiwa na mume. Hukuuliza alizama lini. Hukuuliza kama maiti ilipatikana, wala amezikwa wapi. Hukuuliza habari za mama yake. Hata "pole dada" hukuandika, maneno mawili ambayo hata mlevi wa sokoni humpa mtu asiyemjua. Uliitangazia dunia kilio changu, dunia ikalia, mwanamke wa Ubelgiji ambaye hajawahi kuniona akamwombea mume wangu misa kwa mfuko wake. Wewe, damu yangu, ukaniandikia habari za paka.

Kwa hiyo chagua. Ama uliamini amekufa, ukampa pole kila mtu isipokuwa mjane. Ama ulijua yu hai. Mimi njia ya tatu sijaiona, na nimeitafuta kwa sababu ninakupenda.

Unataka akae chumba cha nyuma. Mwenye nyumba ajifiche nyumbani kwake ili uongo upate kula vizuri! Nilipomsomea maneno hayo, alinyanyuka akaenda kusimama nje kwenye mvua. Tangu anioe sijamwona akifanya hivyo.

Sasa utafanya ninavyosema. Utawaandikia wote, yule wa kwanza hadi wa mwisho, na utaandika maneno yangu bila kuyanyoosha: "Mimi Mukankusi wa Gisenyi si mjane. Mume wangu Mbarushimana ni mzima, anakoroma. Aliyewaambia amekufa aliwadanganya ili mnionee huruma. Kama mlituweka kwenu kwa sababu ya huruma, tuondoeni. Huruma yenu ilikuwa ya kweli na naiheshimu, lakini si mali yangu."

Usiniambie tutaanguka. Nyumba hii iko wapi? Iko hapa hapa ilipokuwa kabla hujaipandisha. Aliyeanguka ni mume wangu, na mashine yako haiwezi kumwinua.

Mukankusi


Dar es Salaam, 15 Julai 1999

Dada Mukankusi,

Shikamoo.

Nilijua.

Nilipofungua barua yako ya Februari, niliposoma ile sentensi, kweli nilishtuka. Nilichukua kalamu nikuandikie pole. Naapa nilikwisha andika jina lako. Kisha nikarudia barua kutoka juu, nikaona uliposema hapendi pilipili. Umeandika hapendi. Mtu aliyekufa hatuandiki hivyo. Nikacheka peke yangu, nikaweka kalamu chini. Lakini ile sentensi ilikuwa nzuri mno, dada. Nilikuwa nimeandika barua nyingi za adabu bila kujibiwa na mtu, bosi alikuwa amenipa hadi mwisho wa mwezi, na sentensi ile ilikuwa hapo mezani imelala. Nikaichukua. Sina utetezi mwingine, na huu nao si utetezi.

Nimewaandikia wote kwa maneno yako, sikuyagusa. Wengi wametufuta bila kujibu. Wachache wamenitukana, safari hii kwa haki. Wengine kurasa zao zimeachwa kama nyumba zilizohamwa, hakuna wa kumwandikia, na kwenye kurasa hizo utabaki mjane siku zote. Ningekuwa na uwezo ningezibomoa. Maneno uliyomtia mtu mwingine mdomoni hayarudi kwako kwa sababu umeyaita, hilo nalo ni somo la kazi hii ambalo Kadiri hakuniambia.

Connie ameandika kwenye ukurasa wake kwamba alidanganywa, alimlilia mtu aliye hai, na nyumba ya Gisenyi ni ya matapeli. Nilimwandikia tena kwamba tapeli ni mmoja, hana nyumba, na jina lake ni Niyonshuti wa Dar es Salaam, aliandike. Ameliandika. Sasa mtu akilitafuta jina langu, hilo ndilo analokutana nalo kwanza. Hoteli za Zanzibar zimempa mtu mwingine kazi.

Sikuandikii haya unionee huruma. Naomba uniambie ninaweza kufanya nini kuhusu shemeji na watu wake. Nipo tayari kuja.

Pole, dada. Najua imechelewa.

Niyonshuti


Gisenyi, 9 Agosti 1999

Shemeji,

Mimi si mutu wa barua. Mukankusi alisema ataandika yeye, nikakataa. Wewe uliandika sana juu yangu, sasa acha nami niandike, kama vile ninasemaka.

Usikuje. Mambo imekwisha, na haikukwisha juu yako, si wewe uliimaliza.

Wiki mingi nilishuka pwani kila jioni, na watu wangu kila jioni walikataa. Padri alikuja kuwasemesha, bure. Yule mama wa Ubelgiji aliandika kwamba atalipa misa ingine ya kushukuru. Mukankusi akajibu: hapana, misa inatosha. Nilianza kufikiri niuze taa.

Donc, basi, siku moja mama yangu akanifuata. Mama Nyirahabimana ni muzee, anatembea na fimbo, na huku kwetu mwanamuke hapandake mutumbwi ya kuvua, hata kijana. Alipita katikati ya wanaume wote pale muchangani bila kusalimia mutu. Akaingia mu maji na nguo zake. Akapanda mutumbwi ya katikati, peke yake, akaanguka mara mbili, hakuna mwenye alimushika, sababu wote walikuwa wanashangaa. Akakaa. Akawaambia, "Huyu nilimuzaa mimi. Kama ni maiti, basi mimi nilizaa maiti, na ninyi mulikula samaki ya maiti miaka yote, na matumbo yenu haikuuma. Leo ninaenda naye. Ziwa likimutaka, lianze na mimi."

Habumugisha ndiye alisimama wa kwanza. Alikuwa na haya, hakuniangalia. Wengine wakamufuata. Tulimwambia mama ashuke, akakataa. Tukaenda naye. Alitapika njia yote, akatutukana tulivyokuwa tunaimba vibaya, na tulivua vizuri. Toka siku ile ninafanya kazi yangu kama zamani.

Hasira yangu haijaisha. Sitakudanganya, kudanganya tumeshaona. Siku ingine utakuja na nitakupikia, lakini si mwaka huu.

Ninakuandikia sababu mama alinituma. Tulipokuwa huko katikati, alinivuta shati, akauliza, "Ule kijana wa Dar, iko na mama?" Nikasema Mukankusi anasema iko naye, Karagwe, na ni mugonjwa. Akaachia shati yangu. Kisha akasema, "Umwambie amwandikie mama yake. Yeye mwenyewe, amwandikie. Asiandike juu yake."

Mbarushimana